MIFUPA YA CHUMA: Wali wa Sakafuni

Kipande cha idli, kile kikate laini cha mchele, kilimponyoka Inbarasu kikamwangukia mapajani. Hakukiokota. Macho yake yote yalikuwa kwenye runinga.

Ni yeye. Hapana, ni yeye kabisa! Yule bibi aliyepiga magoti hekaluni, mikono kaifumbata mgongoni, akila wali uliomwagwa chini kwenye jiwe tupu, bila jani la mgomba wala sahani, alikuwa Esakkiyammal. Mama yake Sudalai!

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, shika hili upesi. Watamil wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wanaamini kwamba stelingi wao Inbarasu ameanguka kutoka juu ya mnara wakati wa kushuti *Mifupa ya Chuma*, ile muvi ya mtu wa karne zijazo aliyewekewa mifupa ya chuma, na chuma chenyewe kikawa kinakumbuka mapigano ya fimbo ya mababu zake. Inbarasu hakuanguka. Hakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa kajificha kwenye nyumba ya ufukweni ya mtayarishaji, nje ya Chennai, anakunywa chai na kubadilisha stesheni.

Aliyeanguka ni Sudalai, mtu aliyekuwa akiruka badala yake tangu muvi ya kwanza. Huyo nje ya kikosi hakuna aliyemjua, maana kwenye kila mahojiano Inbarasu alitoa kifua mbele akasema: "Mimi sirukiwi na mtu. Naruka mwenyewe."

Haya, sasa aone domo lake limemfikisha wapi.

"Mama, huyu stelingi ni nani wako?" mtangazaji alimwinamia bibi na maiki.

"Mwanangu." Esakkiyammal aliinua uso. Punje za wali zilimganda kidevuni. "Sikumzaa, lakini nimemlisha. Alikuja mjini na mwanangu kutoka kijijini kwetu, hawana mbele wala nyuma, nikawafuata kuwapikia. Sahani moja, mikono miwili."

"Na huyo wa kumzaa yuko wapi?"

"Haidarabad, kazini. Ofisini kwao walinipigia, wakasema huko aliko simu haishiki. Yule hana neno, ni mzima. Ndiyo maana maombi yangu yote nampa huyu."

Akainama tena, akaokota wali kwa midomo.

Inbarasu alihisi uso unamwaka moto. Kwetu mtu hali wali wa sakafuni kwa mchezo. Unaula pale mtu wako anapokuwa anakata roho, unajishusha mpaka chini ya mbwa wa mtaani, ili Mama Mariamman, mungu wetu wa hekaluni, aone huna tena cha kujivunia akurudishie mtu wako. Na bibi huyu alikuwa anajishusha kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakula idli.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Umemwona? Umemwona yule bibi?" Guna, meneja wake, aliingia meno yote thelathini na mawili nje. "Jamani! Uongo nimeutunga mwenyewe, na bado machozi yamenitoka! Nani kamleta yule? Namtafutia sari ya hariri leo leo!"

"Guna."

"Nyekundu, yenye pindo la—"

"Guna! Yule ni mama yake Sudalai."

Kicheko kilimkatikia Guna kooni.

"Sudalai yupi?"

"Kwani tunao wangapi, we mpumbavu?"

Guna alikaa kitini bila kuangalia kama kiti kipo. Simu yake ikaita. Akasikiliza. "Eh. Eh. Nani kawaambia? Hapana, msi... Eh." Akaiteremsha sikioni.

"Kituo cha runinga kimempakia kwenye gari lao. Wanampeleka hospitali akupake majivu ya hekaluni. Mubashara, nchi nzima inaangalia."

Wote wawili walijua kitandani kule kalala nani. Sudalai alilazwa kwa jina la Inbarasu, kichwa kimefungwa bandeji mpaka yakabaki macho na pua. Mashabiki waliochungulia dirishani walilia wakidhani ni stelingi wao. Lakini hao ni mashabiki. Mama ni habari nyingine.

"Wamzuie getini," alisema Inbarasu.

"Mbele ya kamera? Tumfukuze bibi mwenye wali kidevuni? Unataka tuchomewe ofisi?" Guna alisimama, akazunguka meza. Ghafla akapiga vidole. "Sudalai anasogezwa chumba cha jirani. Wewe unalala pale pake."

"Siwezi."

"Utaweza. Si mwigizaji wewe?"

"Yule mama kanilisha, Guna."

"Basi mtulize! Au unataka amwone mwanawe leo, vile alivyo, na maiki mdomoni? Unataka bibi wa watu aanguke afe?"

Inbarasu alitafuta neno la kukataa akalikosa. Na tusimpambe jamani, hakulitafuta sana.

*

Walimlaza kwenye sakafu ya gari, nyuma ya viti, wakamfunika blanketi. Stelingi mzima! Ambaye mashabiki huimwagia sanamu yake maziwa kama ya mungu! Gari lilipopunguza mwendo kwenye njia panda alichungulia kwa upenyo, akajiona mwenyewe. Bango lake refu kuliko nyumba, kavaa mavazi ya chuma, fimbo mkononi. Chini yake vijana walikuwa wamekaa kwenye vumbi wananyolewa vipara kwa nadhiri. Mmoja wao alikuwa analia kwa sauti, wembe ukipita utosini.

Akajifunika haraka. Na humo ndani ya blanketi siku ile ikamrudia.

Watu wa runinga walikuja lokesheni kumshuhudia akiruka. Alivaa chuma chake cha plastiki, akawapungia, akaingia nyuma ya pazia la kijani. Aliyetoka upande wa pili, kavaa chuma kama kile na barakoa usoni, alikuwa Sudalai. Akapanda mnara, akajirusha na fimbo yake, akajizungusha hewani, akatua kwenye magodoro. Watu wote wakapiga makofi. Mzee Pakkiam, bwana mapigano, mpangaji wa miruko yote, akafurahi mno. Akachukua boga, akawasha kafuri juu yake, akalizungusha mbele ya kamera na mbele ya wapiganaji wake, akalipasua chini. Ndiyo desturi. Boga likishapasuka husuda zote zimekwenda nalo, na mapigano ya muvi ile yamefungwa. Hapandi tena mtu.

Hapo Inbarasu akamvuta Mzee Pakkiam pembeni.

"Mzee, turudie. Kwa pale waliposimama wale wa runinga, magodoro yanaonekana. Yasogezwe kidogo."

"Boga limeshapasuka, bwana."

"Tunashuti karne zijazo huko, mzee, unaniletea mambo ya maboga?" Akacheka. Wengine nao wakacheka, maana stelingi amecheka. "Kidogo tu. Kidogo tu, jamani."

Sudalai ndiye aliyemaliza ubishi. "Acha nimrukie mara moja, mzee." Akainama kumgusa mzee miguu, kama wafanyavyo kabla ya kupanda. Mzee Pakkiam akairudisha miguu yake nyuma.

Magodoro yakasogezwa, Sudalai akapanda hivyo hivyo, bila baraka.

"Kidogo tu," Inbarasu alijinong'oneza chini ya blanketi.

*

Waliingilia mlango wa nyuma, wa kupitishia mashuka. Ghorofani walikuta kitanda cha Sudalai tayari kinasukumwa kutoka. Inbarasu alitaka kugeuzia uso ukutani, lakini korido ilikuwa nyembamba wakapishana bega kwa bega.

Macho mawili yalimtazama kutoka kwenye bandeji. Yalikuwa yanacheka.

"Nimesikia wanasema," Sudalai alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Kumbe leo wewe ndiye unayelala badala yangu. Umeonaje? Raha?"

"Sudalai, ndugu yangu, mimi..."

"Mama asijue. Hilo tu. Nilimwambia kazi yangu ni kupanga magodoro. Akijua narukaruka huko juu, tutaoga matusi wote wawili."

"Miguu?"

"Ipo. Naiona." Akayageuzia macho dari. "Haya niambie, ule mruko wa pili ulitoka vizuri? Kabla ya... ule wa hewani. Fimbo ilizunguka?"

Amelala pale miguu imekufa, anauliza kama fimbo ilizunguka!

"Ilizunguka," alisema Inbarasu.

"Basi usiukate kwenye muvi."

Wakamsukuma chumba cha jirani, mlango ukafungwa.

Guna alimrukia Inbarasu, akamvua shati, nesi akamfunga bandeji kidevuni na utosini, wakamlaza, wakamvuta shuka. Mto bado ulikuwa na joto la kichwa cha mwenzake. "Miguu usiisogeze," Guna alimnong'oneza. "Tumewaambia miguu haina uhai. Ukisogeza hata kidole, sote tumekwisha."

Nje umati ulipiga mayowe. Gari limefika.

*

Esakkiyammal aliingia akichechemea. Magoti ya sari yake yalikuwa na madoa ya mchuzi na vumbi, na hakuna hata mmoja kati ya wale watu wa kamera aliyekuwa amemwambia afute kidevu. Nyuma yake mtangazaji, nyuma yake taa.

Hakulia. Alifungua pindo la sari, akatoa karatasi yenye majivu ya hekaluni, akaisogeza bandeji juu kidogo kwa kidole, akampaka kipajini. Vidole vyake vilinuka vitunguu. Inbarasu alikijua kile kitunguu. Kilikuwa kimemtoa njaa miaka mingi kabla jina lake halijapanda ukutani.

"Mwanangu," alisema. "Umekonda. Hawakulishi hawa?"

Inbarasu alifumba macho. Alitamani kitanda kifunguke kimmeze.

"Nimekuja na jambo lingine," bibi akaendelea. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, mama?" mtangazaji alisogeza maiki chapuchapu.

"Mwanangu mimi ndiye mpanga magodoro." Esakkiyammal aliteremka taratibu, akayashusha tena yale magoti yake mabovu sakafuni, akaweka paji la uso kwenye chuma cha kitanda. "Nimekaa nyumbani najiuliza. Mwenzake kaangukaje pasipo godoro? Sudalai alikuwa wapi? Alikuwa anaangalia nini? Kama kuna uzembe, ni wa mwanangu. Namjua, ana mzaha mwingi. Nisamehe, baba. Usimlaani. Akirudi kutoka Haidarabad nitamleta mwenyewe aje akushike miguu."

Taa za kamera ziliunguruma.

Halafu, mwenyewe hutaamini, Guna akakohoa. Akajiweka sawa kola, akasogea mbele ya kamera.

"Kwa uchungu mkubwa," alisema, "tulikuwa hatujataka kulitangaza hili. Lakini mama mwenyewe kasema. Ni kweli, kuna mpanga magodoro mmoja hakutimiza wajibu wake. Uchunguzi unaendelea. Hata hapatikani kwenye simu."

"Kakimbia?" mtangazaji alidakia.

"Sitaki kutumia neno hilo."

Bibi aliinua uso kutoka kwenye chuma. "Kakimbia?" aliuliza polepole. "Sudalai wangu?"

Nje mtu alikuwa tayari anapokea matangazo kwenye simu yake, kwa sababu umati ulianza kunguruma. "Mpanga magodoro! Mleteni mpanga magodoro!" Chupa ikapasukia ukutani.

Inbarasu alisikia rafiki yake akitukanwa na watu waliokuwa wamenyoa vipara kwa ajili yake yeye. Akalitupa shuka, akashusha miguu, akasimama.

"Hapana!" alisema. "Sikilizeni! Hakuna mtu aliye..."

Hakuna aliyemsikia. Nesi wa mlangoni, ambaye hakuwamo kwenye siri, alipiga kelele mpaka dirisha likatetemeka. "Amesimama! Miguu iliyokufa imesimama!"

"Muujiza!" alipaza mtangazaji. "Watazamaji, bibi kampaka majivu, na tazameni wenyewe!"

Huko chini umati ulilipuka. Nazi zilipasuliwa barabarani, ngoma zikaanza, watu wazima wakakumbatiana wakilia. Inbarasu alipiga kelele ya ukweli mara ya pili na ya tatu, na kila alivyozidi kufumbua mdomo ndivyo walivyozidi kushangilia kwamba hata sauti imemrudia. Esakkiyammal alikuwa kalala kifudifudi miguuni pake, anaibusu ile miguu mizima.

"Umenisikia, Mama Mariamman! Umenisikia! Umekula aibu yangu, umenirudishia mtoto!"

Kama kuna aibu kubwa kuliko hiyo, mimi sijaiona. Inbarasu aliinama, akamshika bibi kwapani, akamwinua.

"Mama, twende."

"Wapi, baba? Usitembee mno, ndiyo kwanza—"

"Twende."

Guna aliwahi mlango akatanua mikono. "Inba, kaka, fikiria. Sekunde moja fikiria! Wameshashangilia. Tumeshinda!"

"Pisha."

"Ukifungua mlango ule hakuna muvi. Hakuna stelingi. Hakuna wewe."

Inbarasu alimsukuma kwa bega. Hakuwa mpiganaji, wote tunajua sasa, lakini Guna naye hakuwa, akaangukia kwenye mtungi wa hewa. Korido hatua chache. Mlango wa jirani. Akaufungua, kamera zikaingia nyuma yao zikikanyagana.

Kitandani kulikuwa na mtu kafungwa kichwa chote. Mashabiki hapo wangepita. Esakkiyammal hakutazama kichwa. Alitazama chini, penye mguu uliochomoza nje ya shuka, wenye kidole gumba kilichopinda tangu utotoni, mwanawe alipopigwa na fimbo akijifunza mchezo uani kwao.

Akakishika kile kidole. Akakifinya. Akakifinya tena kwa nguvu, kwa kucha. Mguu haukusogea.

"Sudalai?"

"Mama," ilisema bandeji. "Haidarabad kuna joto, nimeamua kurudi."

Hakuna aliyecheka. Bibi alimgeukia Inbarasu aliyesimama pale, mzima, na majivu yake kipajini. Aliinua mkono. Inbarasu alidhani anapigwa na akafurahi, aliutamani ule mkono kuliko kitu chochote. Lakini haukumpiga. Kiganja kilimpita kipajini kutoka upande mmoja hadi mwingine, kikayafuta majivu yote, pole pole, chembe isibaki. Kisha bibi akainama akampaka mwanawe.

Mtangazaji aliuliza kwa kigugumizi, "Huyu... huyu ni nani? Aliyeanguka ni nani?"

Inbarasu alifungua mdomo. Sasa hivi. Sasa kimya kilikuwepo, na maiki ilikuwepo.

Lakini Sudalai alimuwahi, kama alivyokuwa akimuwahi siku zote.

"Ni kosa langu," alisema kwa ile sauti ya kukwaruza, akigeuza macho kwenye taa za kamera. "Mimi ndiye mpanga magodoro. Mimi ndiye niliyeyasogeza. Stelingi hakujua lolote. Andikeni hivyo."

Guna, aliyekuwa amejikokota mpaka mlangoni, alivuta pumzi ndefu. Akamshika Inbarasu kiwiko, akambana. Usiseme kitu, vidole vilimwambia. Umeokoka. Nyamaza.

Maiki ilihama polepole kutoka kitandani ikaja mpaka kwenye midomo ya Inbarasu.

"Ni kweli anavyosema?"

Na yeye, Mungu amsamehe, akanyamaza.

Esakkiyammal aliupangusa mdomo wake kwa pindo la sari. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi punje zile za wali zikamtoka kidevuni. Hakumtazama mtangazaji, wala Guna, wala mwanawe.

"Mpanga magodoro hukaa chini," alisema. "Huko juu alipanda kufanya nini? Sikuulizi wewe, Sudalai. Namuuliza huyu niliyemlisha."